Mtoto wa pili kakutwa na selimundu, ukoo unasema "kwetu haipo". Wajuzi wa vinasaba nisaidieni

#1 Baba Wawili (mleta mada)

Wakuu salaam. Uzi ni mrefu, mwenye haraka apite tu, sitanuna.

Mimi ni mtu wa Sengerema, kazi imenileta Kigamboni. Mke wangu ni wa Pangani. Tuna watoto wawili. Wa kike ana miaka 5, hajawahi hata kulazwa. Wa kiume ana mwaka na miezi minne, na huyu ndiye mwenye uzi.

Alipofika miezi 7 hivi tuliamka asubuhi moja tukakuta vidole na nyayo vimevimba kama maandazi. Ukimgusa analia mpaka sauti inakatika. Zahanati ya kwanza wakasema mdudu kamng'ata. Mikono miwili na miguu miwili, mdudu gani huyo mwenye zamu? Jirani akasema ni zongo, akaleta kitambaa cheusi mtoto afungwe mkononi. Wiki moja vidole vikanywea, tukasahau. Miezi mitatu baadaye macho yakawa ya njano, mtoto kapauka midomo, tukakimbilia hospitali. Daktari akaagiza kipimo cha damu kwanza ndipo akamwongeza damu. Jibu: SS. Selimundu.

Mwezi uliopita mama yangu alikuja kumuona mjukuu. Nilipomweleza, akasema mbele ya mke wangu, bila kupunguza sauti: "Kwetu hakuna ugonjwa huo toka babu na babu. Ni huko Pwani kwao." Mke wangu hakujibu. Akaenda jikoni, nikawa nasikia masufuria tu.

Wiki iliyofuata nikaenda kupima peke yangu, sikumwambia mtu. Mimi ni AS. Karatasi iko ndani ya dashibodi ya gari wiki ya tatu sasa, chini ya kadi ya bima. Mke naye alipimwa hospitalini, ni AS vilevile.

Maswali yangu. Mimi nina miaka 36, nimecheza mpira, nimebeba magunia, sijawahi kuumwa chochote cha ajabu: nimempaje mtoto ugonjwa nisiokuwa nao? La pili, nesi alisema "ni mmoja kati ya wanne". Sasa huyu ndiye yule mmoja, ina maana wakija wengine wawili watakuwa salama? La tatu, iliingiaje kwenye ukoo wetu kama kweli hakuna aliyewahi kuugua?

Naombeni majibu ya kueleweka. Bios niliiacha kidato cha pili.

#2 Chura Kiziwi

Nimekaa kiti cha mbele na karanga zangu. Pole sana mkuu.

#3 Mdau wa Gongo la Mboto

Mkuu, damu zenu hazipatani. Ndiyo maana zamani wazee walikuwa wanachunguza ukoo kabla ya posa.

#4 Mzee wa Darubini

Mleta mada pole, na hongera kwa kwenda kupima. Wanaume wengi hubaki hapo hapo kwenye "kwetu haipo". Mimi nipo maabara mwaka wa 19 huu, nitajaribu.

Kwanza nimtoe njiani #3. "Damu kutopatana" ni habari nyingine, ile ya Rhesus, mama akiwa hasi na mtoto chanya. Halafu A, B, AB na O ni makundi ya damu, hayo tunayaangalia unapoongezwa damu. AA, AS na SS ni aina ya himoglobini, ule wekundu wenyewe unaobeba oksijeni. Kila wiki ananijia mtu na karatasi iliyoandikwa "A+" anasema "mimi sina selimundu, nimeandikiwa A". Hapana jamani. Unaweza kuwa A chanya na SS kwa wakati mmoja.

Twende kwenye swali. Maagizo yote ya mwili wako yamefungwa ndani ya seli katika kromosomu 46, jozi 23. Kila jozi moja kaleta baba yako, nyingine kaleta mama yako. Kwa hiyo karibu kila agizo unalo mara mbili, nakala ya kuumeni na nakala ya kukeni. Agizo la kutengeneza sehemu moja ya himoglobini liko kwenye kromosomu namba 11. Wewe nakala yako moja ni nzima (A), ya pili ina kasoro (S). Ile nzima inatosha kukuendesha. Ndiyo maana umebeba magunia. Hii tunaiita sifa iliyojificha: inajitokeza pale tu nakala zote mbili zinapokuwa na kasoro. Wewe si mgonjwa, ni mbebaji.

Sasa unapotengeneza mbegu, huwezi kutia nakala zote mbili, unatia moja tu. Vivyo hivyo yai la mkeo. Chukua sarafu mbili za shilingi 200, ile yenye Mzee Karume upande mmoja na simba upande wa pili. Moja ndiyo wewe, nyingine ndiyo mkeo. Karume ni A, simba ni S (watani wa Yanga mtulie). Rusha zote mbili kwa pamoja. Karume na Karume, mtoto ni AA. Simba na simba, SS. Karume yako na simba ya mama, AS. Simba yako na Karume ya mama, AS tena. Njia nne, zote uzito sawa. Moja AA, mbili AS, moja SS. Hiyo ndiyo "mmoja kati ya wanne" ya nesi.

Na hapa ndipo watu wanaumia: sarafu haikumbuki ilivyoangukia jana. Mimba ya tatu mnarusha upya, na nafasi ni ile ile, robo. Huyu mtoto "hakuchukua zamu" ya wenzake. Binti yenu wa miaka 5 naye kapimwe hata kama ni mzima kama chuma. Kwa kuwa SS angeshaonekana umri huo, amebaki kuwa AA au AS, na AS ina uzito mara mbili: theluthi mbili. Si dharura, lakini siku akipata mchumba atahitaji kujua.

Kwa nini ilianza miezi 7 na si siku ya kuzaliwa? Mtoto anazaliwa na himoglobini nyingine kabisa ya tumboni, ambayo S haiigusi. Inapungua polepole, na ikifika nusu mwaka hivi S imeshika usukani. Seli yenye S ikikosa oksijeni, himoglobini zinashikana kama kamba ndani yake, seli inapinda umbo la mundu, hapo ndipo jina lilipotoka. Hazipiti vizuri kwenye mishipa myembamba ya vidole, zinaziba. Uvimbe wa mikono na miguu kwa mtoto mchanga ndiyo alama ya mwanzo kwa wengi. Na seli hizo zinakufa mapema: yako inaishi siku 120 hivi, ya mtoto wako siku 10 hadi 20. Ndiyo damu kupungua, ndiyo macho ya njano.

La mwisho, huyo daktari aliyepima kabla ya kuongeza damu ni mtu makini. Ukipima baada ya kuongezwa, unapima na damu ya mchangiaji.

#5 Mama Wanne wa Kibaha

Shikamoo Mzee wa Darubini. Hesabu yako nzuri, lakini mimi nina watoto wanne, watatu ni SS. Nilipoambiwa "robo" nilidhani nimelaaniwa, maana kwangu robo ndiyo imekuwa mzima. Mume wangu aliondoka baada ya wa tatu. Alisema angeoa mwanamke mwingine wapate wazima. Sijui huko kama walipima.

Nauliza bila hasira: hiyo robo yenu inafanya kazi kwa nani?

#6 Mzee wa Darubini

Marahaba mama, na pole kwa mzigo huo. Robo ni ya kila mimba, haigawi watoto wa nyumba moja kama pilau. Chukua familia 100, wote AS na AS, kila mmoja na watoto wanne. Kama 32 hazitakuwa na SS hata mmoja, na hizo ndizo zinazosema "kwetu haipo" kwa sauti kubwa. Kama 42 zitakuwa na mmoja. Kama 21 wawili. Kama 5 zitakuwa na watatu, hapo ndipo ulipo wewe. Wote wanne SS ni familia 1 katika 256. Zote hizi sarafu zao ni zile zile. Hukukosea kitu, wala hukulaaniwa.

Na huyo baba akioa AA, watoto wake hawatakuwa SS, kweli. Lakini nusu yao, kwa wastani, watabeba S yake. Ameondoka nayo.

#7 Mama Wanne wa Kibaha

Nimesoma mara tatu. Ahsante baba. "Ameondoka nayo" nimeipenda.

#8 Ticha wa Bios

Nafundisha sekondari, naomba nichukue swali la tatu la mleta mada, iliingiaje. Jibu fupi ni kosa la kunakili. Jibu refu ni tamu zaidi.

Maagizo ya vinasaba yameandikwa kwa herufi nne tu: A, T, G, C. Ndani ya seli moja kuna bilioni 3 hivi kwa kila upande wa mzazi. Kila seli inapojigawa, yote yananakiliwa. Mwandishi yupo makini mno, lakini kwa wingi huo lazima apitiwe mahali. Hilo kosa ndilo tunaloita badiliko la jeni, au mutesheni ukipenda.

Darasani huwa naandika ubaoni: BABA ANALIMA SHAMBA. Badilisha herufi moja: BABA ANALIPA SHAMBA. Maana imegeuka. Futa herufi moja: BABA ANALIA SHAMBA. Hapo balaa. Lakini andika "rakini" badala ya "lakini", kila mtu humu anaelewa, anakucheka tu. Na jeni ndivyo ilivyo. Makosa mengine hayana athari yoyote kwa kuwa neno linasomeka vilevile, mengine yanageuza maana, mengine yanavuruga sentensi nzima.

Selimundu ni kosa la herufi moja. Sehemu husika ya himoglobini ni kama uzi wa shanga 146. Shanga ya 6 inaandikwa GAG, inatoka asidi ya glutamiki. Kwa mwenye S imeandikwa GTG, inatoka valini. Herufi A moja imekuwa T, basi. Lingeandikwa GAA, lingekuwa "rakini": bado ni glutamiki. Mwaka 1949 Linus Pauling na wenzake walionyesha kwamba himoglobini ya wagonjwa inatembea tofauti kwenye umeme, na Vernon Ingram, pale Cambridge, miaka ya 1956 na 1957 ndiye aliyeikamata shanga yenyewe. Kipimo cha elektroforesisi alichofanyiwa mwanao ni mjukuu wa kile cha Pauling.

Sasa kosa kama hilo kwa nini halikufutika, maana zamani mtoto wa SS hakufika kuoa? Hapa ndipo Sengerema na Pangani zinakutana.

Kuna mtu anaitwa Anthony Allison, kazaliwa Afrika Kusini, kalelewa Kenya. Mwaka 1949, akiwa mwanafunzi Oxford, alikuja na msafara wa Mlima Kenya, akawa anakusanya damu za makabila mbalimbali. Akakuta jambo la ajabu: watu wa Pwani na watu wa karibu na Ziwa Victoria, zaidi ya 20 katika kila 100 ni wabebaji. Watu wa nyanda za juu katikati, hata 1 katika 100 hafiki. Makabila tofauti, lugha tofauti, lakini Pwani na Ziwa wanafanana. Wana nini cha pamoja? Mbu. Malaria.

Akarudi 1953 kupima wazo lake, akachapisha 1954. Kwa watoto 290 wa Kiganda, kati ya wabebaji 43, wenye vimelea vya malaria walikuwa 12. Kati ya wasio wabebaji 247, walikuwa 113. Fanya asilimia mwenyewe: 28 dhidi ya 46. Tafiti za baadaye, Kilifi zikiwamo, zimeonyesha kwamba AS inamkinga mtoto na malaria kali kwa kiasi kikubwa sana. Kwa hiyo mwenye AA alikufa kwa malaria, mwenye SS alikufa kwa selimundu, mwenye AS akabaki akazaa. Ndiye babu yako, mleta mada, na ndiye babu wa mkeo. Mama yako akisema "ni huko Pwani kwao" mwambie na Ziwa nako ni kwao.

Kosa lenyewe ni la zamani. Hesabu iliyochapishwa 2018 inaliweka kwenye miaka 7,300 hivi iliyopita, na huenda lilimtokea mtu mmoja.

Angalizo kwa AS wote: bado mnaugua malaria. Chandarua kama kawaida.

#9 Chura Kiziwi

Karanga zimeisha, nimehamia kwenye daftari.

#10 Kidume wa Mbagala

Mimi nina swali la kiume. Nimepima AA. Mke AS. Mtoto wanasema SS. Kwa sarafu zenu, Karume mbili upande wangu, simba wa pili katoka wapi? Nimeshaanza kuandaa mabegi ya mtu.

#11 Mzee wa Darubini

Weka mabegi chini kwanza. Nakupa yale niliyoyaona kwa macho.

Mtoto alipimwa kwa kipimo gani? Kile cha haraka cha kuona kama seli zinapinda kinasema tu S ipo au haipo. Hakitofautishi AS na SS. Nimeona watoto wa AS wakiitwa wagonjwa miaka minne kwa karatasi iliyoandikwa "chanya". Mtoto wako arudiwe kwa elektroforesisi au kipimo kingine kinachotenganisha himoglobini. Pili, wewe uliongezwa damu karibuni? Tatu, sampuli hubadilishana, tusidanganyane. Nne, kuna kasoro nyingine iitwayo thalasemia ya beta, ambayo mwenye nayo anaweza kusomeka AA kama hakuangaliwa vizuri. Ikikutana na S ya mama, mtoto anaumwa kama SS na karatasi inaweza kusema SS. Hiyo ni kasoro yako, baba halali kabisa.

Yote hayo yakipita, ndipo kipimo cha DNA. Hapa kwetu ni Mamlaka ya Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali, chini ya sheria ya vinasaba vya binadamu ya 2009, na huendi dirishani ukajiombea mwenyewe. Ombi hupitia mahakama, ustawi wa jamii, wakili na wengine waliotajwa kwenye sheria. Sheria imewekwa hivyo kwa sababu ya watu wenye mabegi.

#12 Kidume wa Mbagala

Ni kile cha haraka. Dakika kumi na tano. Nimekaa chini.

#13 Mzanzibari wa Maskati

Asalaam aleikum ndugu zangu. Mie nasoma kutoka Maskati, wazee wetu walitoka Unguja 1964. Huku selimundu inajulikana sana, tena madaktari wakichunguza alama zilizoizunguka S kwenye vinasaba, wanaweza kukwambia ilipita njia gani. Wamekuta za aina ya Benin, za aina ya Arabuni na India, na za aina inayoitwa Bantu, hii ndiyo ya upande wenu. Ukiiona ile ya Bantu kwa Mwomani, umeuona mtepe na jahazi na yote yaliyopakiwa humo, ya heri na ya shari. Damu haifichi historia.

Jirani zetu Saudia tangu 2004 hupati cheti cha ndoa bila kupima. Hawakukatazi kuoa, wanakwambia tu majibu, uamuzi wenu.

Na msisahau kasoro ya G6PD, kimeng'enya kinacholinda seli nyekundu za damu, hii nayo ni ya nchi za malaria. Hairithiwi kama selimundu. Iko kwenye kromosomu X. Mwanamume ana X moja tu, aliyopewa na mama. Ikiwa na kasoro hana ya akiba, basi anaonekana. Mwanamke ana mbili, moja humfichia nyingine. Mwanangu wa kiume alikula fuli, yale maharagwe mapana ya Kiarabu, mkojo ukawa rangi ya kahawa. Dada zake walikula sahani ile ile, salama. Wakubwa wakasema kijicho. Kumbe ni mimi niliyempa, na babaye hakuhusika hata kidogo.

#14 Mdau wa Gongo la Mboto

Nimenyooshwa kule juu nimekubali. Sasa nisaidieni hili: kijijini kwetu kuna mtu na mkewe weusi tii, wamezaa watoto wawili wenye ualbino. Na kuna mwingine, yeye na mkewe warefu wa kawaida, mtoto amekuwa na kimo kifupi sana, miguu na mikono mifupi. Ni mtindo ule ule wa sarafu?

#15 Ticha wa Bios

Wa kwanza ndiyo, wa pili hapana, na swali lako ni zuri kuliko unavyodhani.

Ualbino ni sifa iliyojificha kama selimundu. Baba na mama kila mmoja ana nakala moja nzima inayotosha kutia rangi, ndiyo maana ni weusi. Robo ile ile. Watu wengi wenye ualbino Tanzania kasoro yao iko kwenye jeni iitwayo OCA2, na hapo siyo herufi moja iliyobadilika: kipande cha herufi kama 2,700 kimenyofolewa kizima. Sentensi nusu. Na kwa sababu zipo jeni zaidi ya moja zinazoshughulika na rangi, watu wawili wenye ualbino wenye kasoro kwenye jeni tofauti wanaweza kuzaa mtoto mweusi. Mama wa mtoto huyo ataitwa mzinzi kijiji kizima.

Kile kimo kifupi cha mikono na miguu mifupi, kama ni kile kinachojulikana zaidi, ni sifa tawala: nakala moja yenye kasoro inatosha kuonekana. Haina pa kujificha, haiwezi kuruka vizazi kimyakimya. Ilitoka wapi basi kama wazazi ni warefu? Ni kosa jipya, limetokea kwenye mbegu au yai lililomtengeneza mtoto huyo. Kwa hali hii, kama 8 katika kila 10 wamezaliwa na wazazi wa kimo cha kawaida. Kosa huwa limetoka upande wa baba, na uwezekano unapanda kadiri umri wa baba unavyopanda, kwa kuwa mbegu zinanakiliwa maisha yote.

Na kila mmoja wetu hapa kazaliwa na makosa mapya makumi kadhaa ambayo wazazi wake hawakuwa nayo. Mengi ni "rakini" tu.

#16 Binti Chalinze

Na wale wanaoachwa kwa kuzaa wasichana watupu? Tuambieni hapa hapa hadharani.

#17 Mzee wa Darubini

Yai la mama siku zote lina X. Mbegu ndiyo yenye X au Y. Y ikitangulia ni wa kiume. Mwenye malalamiko ajilalamikie.

#18 Binti Chalinze

Napiga picha ya skrini, namtumia mtu.

#19 Baba Wawili (mleta mada)

Wakuu nimerudi, wiki mbili zimepita. Ahsanteni, Mungu awazidishie.

Jumapili nilitoa ile karatasi kwenye dashibodi. Nikamwonyesha mke wangu kwanza. Aliisoma, akaniuliza, "Ni ya lini?" Nikamtajia tarehe. Akasema, "Wiki tano." Hakusema kingine, na hilo nitalibeba mwenyewe.

Kisha nikakaa na mama mkekani, nikatoa sarafu mbili za mia mbili. Nikamweleza kama Mzee wa Darubini alivyoeleza. Alirusha mwenyewe. Mara ya kwanza Karume na simba. Mara ya pili simba wawili. Akaziangalia muda mrefu. Akasema, "Mdogo wangu alizika watatu, hakuna aliyefika miaka mitatu. Tulisema homa." Mama mdogo huyo mimi namjua, nimelelewa naye, na sikuwahi kujua kwamba aliwahi kuwa na watoto wengine.

Nilidhani yamekwisha. Akanyanyuka akasema, "Basi itakuwa imetoka kwa marehemu baba yenu." Wakuu, nilicheka mpaka mke wangu akatoka jikoni.

Jumanne nikampeleka mama kupima. Majibu yametoka leo mchana: AS.

Mtoto anaendelea vizuri. Penisilini asubuhi na jioni, foliki asidi, dawa ya kumkinga na malaria, kliniki kila mwezi. Daktari ameshatutajia haidroksiurea, anasema inairudisha ile himoglobini ya tumboni, tutaanza mwezi ujao. Binti naye tumempima, AS.

#20 Mzee wa Darubini

Safi. Mama akiwa AS haina maana marehemu baba hakuwa AS, hilo hatutalijua, liacheni. Ndugu zako wa tumbo moja wamepima? Kila mmoja wao ana nafasi nusu au zaidi.

#21 Baba Wawili (mleta mada)

Tuko saba. Nimeshaweka uzi huu kwenye grupu la familia, wawili wametoka kwenye grupu, watatu wameuliza bei ya kipimo.

Mama alikunja karatasi yake, akaifunga kwenye pindo la khanga. Jioni nilimkuta jikoni na mke wangu, anamuuliza penisilini inatolewa kabla ya uji au baada.